Sura ya Nne: Shida ni Alhamisi

Sura iliyopita tulipanga bajeti mstari kwa mstari: kodi, chakula, ada, nauli, akiba. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Sasa tuzungumzie kinachoiharibu. Wapo watu wanaojua kupanga bajeti kuliko mhasibu wa ofisini kwao, na bado ikifika tarehe 15 wanaazima nauli. Ukiwauliza hela imekwenda wapi, watakuambia imeisha tu. Hawajauguza, hawajajenga, hawajasafiri. Imeisha tu.

Hela haiishi hivihivi. Kuna matumizi ambayo mtu huyapanga, na kuna yanayomtoka kwa sababu ya hali aliyo nayo saa hiyo: kachoka, kaudhiwa, kaona aibu, ana huzuni, au kafurahi kupita kiasi. Haya ya pili hayamo kwenye bajeti, maana hakuna anayeandika "kugombana na bosi, shilingi 40,000". Hata hivyo yana ratiba. Hurudi siku zilezile, saa zilezile, baada ya mambo yaleyale. Anayeijua ratiba yake anaweza kuyawahi.

Kusoma taarifa ya miamala

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari jijini Dar es Salaam, mama wa watoto wawili. Si mtu wa anasa. Hanywi, hana makuu, na ukoo mzima unamjua kwa kubana matumizi. Anachukua taarifa ya miamala ya simu yake ya mwezi mmoja na kuisoma. Umeme, king'amuzi, ada, hela ya mama kijijini: hayo anayaacha. Kwa kalamu nyekundu anazungushia yale tu ambayo hakuyapanga.

Jumatano tarehe 24 mshahara umeingia, na usiku huohuo 60,000 zimekwenda kwa muuza vitenge wa Instagram. Jumapili tarehe 28, mchango wa harusi, 50,000. Kisha mstari unaanza kujirudia. Alhamisi tarehe 2, saa 21:07, viatu, 38,000. Alhamisi tarehe 9, saa 21:22, manukato na losheni, 27,000. Alhamisi tarehe 16, saa 20:58, kuku na chipsi za kuletewa nyumbani, 22,000, na hapo salio lilikuwa halifiki, kwa hiyo sehemu yake ilikopwa.

Alhamisi tatu, shilingi 87,000. Mwenyewe angeapa kwamba hajanunua kitu mwezi huo isipokuwa vitenge. Kinachomshtua si jumla, ni siku. Kila Alhamisi mchana shuleni kwake kuna kikao ambako matokeo ya kila somo husomwa mbele ya walimu wote. Anatoka pale kimya, anapanda daladala, anapika, anasimamia kazi za watoto. Saa tatu usiku nyumba imetulia, anajilaza na simu, na hapo ndipo kikao kinapomrudia. Viatu vile amevivaa mara moja. Hana shida ya viatu. Shida ni Alhamisi.

Ndiyo maana ushauri wa "punguza kununua nguo" haumsaidii. Akiacha viatu atahamia manukato, akiacha manukato atahamia kuku. Kitu kinabadilika, saa haibadiliki.

Huzuni hulipa zaidi

Mwaka 2008 watafiti Cynthia Cryder, Jennifer Lerner na wenzao walichapisha jaribio lililofanyika Marekani. Kundi moja la washiriki lilionyeshwa kipande cha filamu chenye msiba ndani yake, jingine mandhari ya baharini yasiyogusa moyo. Baadaye waliulizwa wako tayari kutoa kiasi gani kununua chupa ya kubebea maji. Waliotoka kwenye filamu ya huzuni walikuwa tayari kulipa karibu mara nne ya wenzao, kwa chupa ileile. Walipoulizwa kama filamu iliwaathiri, walikataa.

Huko kukataa ndiko kwa kuzingatia. Mtu mwenye huzuni hajioni akinunua kwa huzuni. Anaona viatu vizuri, bei nzuri, na muuzaji anayemwambia, "Dada yangu, saizi yako imebaki moja tu." Sababu zote anazo. Ndiyo maana huwezi kumtambua mnunuzi wa hisia kwa kumuuliza kwa nini amenunua. Muulize alinunua saa ngapi, na siku hiyo palitokea nini.

Watafiti wengine, Scott Rick, Beatriz Pereira na Katherine Burson, walichapisha mwaka 2014 matokeo yanayoeleza utamu wenyewe unatoka wapi. Kitendo cha kuchagua cha kununua kilipunguza huzuni iliyobaki moyoni, kwa sababu kinamrudishia mtu hisia ya kuwa na usemi juu ya mambo yake. Mwalimu wetu hakuwa na la kusema kikaoni. Usiku, rangi ya viatu anaichagua yeye, na hakuna wa kumsahihisha. Lakini hasira haikupungua kwa njia hiyo. Kwa hiyo mke anayenunua sofa ili mume aone kwamba na yeye anajua kutumia, au kijana anayemwaga hela baa kwa sababu ndugu yake kamdharau, atabaki na hasira yake na deni juu. Wahenga walilimaliza kwa maneno mawili: hasira hasara.

Dalili zake

Kabla ya kufika kwenye dawa, zijue dalili, maana kila mtu ana zake. Kuna aliyeamua kununua kabla hajajua anunue nini: anafungua programu ya duka au anapita Kariakoo "kuangalia tu", na harudi mikono mitupu. Kuna anayeona haraka isiyo na sababu, kana kwamba leo ikipita kitu hakitapatikana tena duniani. Kuna anayepunguza bei akifika nyumbani: gauni la elfu 45 linakuwa la elfu 20, na mfuko wake unaingia ndani kwa kupitia dirishani kwa dada wa kazi. Kuna ambaye kabatini ana vitu bado vina lebo. Na kuna ambaye hanunui chochote, ila kila akikosa raha anaweka mkeka wa kubeti, na ukichanika anaweka mwingine wa kufidia ule.

Ukijikuta kwenye moja, ni kawaida ya binadamu. Ukijikuta kwenye tatu, sura hii imeandikwa kwa ajili yako.

Hela inayotoka mbele za watu

Vitabu vya Marekani na Uingereza humwonyesha mtu huyu akiwa peke yake dukani, mifuko imejaa mikononi. Kwetu, sehemu kubwa ya hela ya hisia hutoka hadharani, na mara nyingi aliyeitoa harudi na kitu cha kubeba. Inatolewa kwa aibu, kwa huruma, au kwa kutaka heshima.

Tazama kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Kila anayechangia, mtunza hazina anainakili orodha nzima upya na kuibandika: jina, ahadi, alicholipa, alama ya vema. Inashuka mara kumi kwa siku. Jina lako liko la kumi na nne, mbele yake pako wazi. Aliye juu yako, mliyesoma naye, ametoa laki moja. Ulikuwa umekusudia elfu 30. Saa nne usiku unatuma 80,000, na dakika hiyohiyo unaandikiwa "Asante sana, Mungu akubariki", na moyo unatua. Kesho yake unatafuta hela ya gesi.

Ukumbini ni hivyohivyo. MC anapotangaza kwamba sasa ni zamu ya marafiki kumtunza bibi harusi, muziki unapandishwa, mstari unaundwa, na aliyekuja na noti mbili za elfu tano anaona haya kuwa wa kwanza kurudi kwenye kiti. Hapo hujaongeza sare ya rangi iliyochaguliwa na kamati na ambayo huenda usiivae tena.

Simwambii mtu aache kuchangia. Michango ni bima yetu ya zamani: waliopokea chako ndio watakaosimama nawe siku ukifiwa, na hilo hakuna kampuni inayolifanya kwa moyo ule. Ninachosema ni kwamba kiasi kiamuliwe kabla orodha haijafunguliwa. Siku ya mshahara tenga fungu la michango kama unavyotenga la kodi. Kadi ikija, jibu mara moja na kwa kiasi chako: "Nimeiona kadi, hongereni. Nitatoa elfu 30 tarehe 26." Ukishaandika ahadi yako, laki ya mwenzio haikuvuti tena. Na ndugu anapopiga simu fungu likiwa limekwisha, huhitaji kudanganya kwamba simu ilikuwa haina chaji: "Shikamoo shangazi. Mwezi huu nimeshagawa, sitaki kukuahidi uongo. Tarehe 25 nitakutumia elfu 10." Shangazi anaweza kununa, lakini elfu 10 yenye tarehe anaielewa.

Furaha nayo hukomba

Wengi hudhani hatari iko kwenye huzuni tu. Angalia siku mbili za mwanzo baada ya mshahara. Ndipo "tumia pesa ikuzoee" inaposikika kila meza, na kila mtu anajipongeza kwa kuwa amefika mwisho wa mwezi. Pesa ya ghafla ndiyo mbaya zaidi: malimbikizo, zamu ya upatu, mkeka uliotiki, zawadi ya mjomba wa Muscat. Richard Thaler, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, alionyesha kwamba kichwani tunazitia hela kwenye mifuko tofauti. Iliyotoka jashoni tunaihesabu. Iliyoanguka tu tunaiona kama si yetu, basi na iende. Kumbe dukani shilingi zote zina thamani moja.

Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilikuta jambo kama hilo kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya. Wengi walitaka kununua mbolea na walikuwa na hela wakati wa mavuno, lakini msimu wa kuweka mbolea ulipofika hela haikuwepo. Waliopelekewa mbolea na kupewa nafasi ya kuilipia palepale baada ya mavuno, kwa punguzo dogo la muda mfupi, waliitumia zaidi. Hawakuongezewa kipato wala mahubiri. Uamuzi ulisogezwa hadi siku ambayo hela ilikuwa bado ipo mkononi.

Fanya hivyo kwako. Tarehe 24 asubuhi, kabla ya kitu kingine, lipa kodi au weka sehemu yake, lipa kikoba, tuma ada. Kijumbe wa upatu mpe siku hiyohiyo, usisubiri akupigie. Jioni ukienda kujipongeza, utajipongeza kwa iliyobaki.

Breki iliyong'olewa

Zamani hela ya hisia ilikuwa na vikwazo vingi. Ilibidi utoke nyumbani, uende dukani, utoe noti uzione zinavyopungua. Tunajua kwamba kuona noti kuna uzito: katika jaribio la Drazen Prelec na Duncan Simester lililochapishwa mwaka 2001, wanafunzi wa Marekani waligombea tiketi za mpira wa kikapu kwa mnada, na waliojua watalipa kwa kadi walitaja bei kubwa kuliko wa fedha taslimu, wakati mwingine hata mara mbili.

Simu imeondoa noti, lakini ilibakiza breki moja ya mwisho: ujumbe wa "salio lako halitoshi". Ulikuwa unaudhi, na uliokoa watu wengi. Kisha ukaja mkopo wa kukamilishia muamala. Kenya waliupata kwa jina la Fuliza Januari 2019. Tanzania watumiaji wa M-Pesa wanaujua kama Songesha. Kwa mtu aliyekwama na mgonjwa usiku, huduma hiyo ni msaada mkubwa. Kwa mwalimu wetu siku ya Alhamisi, ni breki iliyong'olewa. Kuku alimla kwa hela ya mwezi ujao, na ada ya mkopo juu.

Anayeendelea hivyo huishia kwenye programu za mikopo ya haraka, zile ambazo mtaani tunaziita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Watu wanaodaiwa huko wanajua ni akina nani waliomo kwenye simu zao wanaopigiwa kuhusu deni. Kama taarifa yako inaonyesha kwamba manunuzi ya usiku yamekopwa, hatua ya kwanza si kuweka akiba. Ni kujiondoa kwenye mkopo huo wa kujazia salio, kisha kufuta programu zote za mikopo.

Kuweka umbali

Hisia haiwezi kukatazwa isije. Ikija, ikute hela iko mbali. Huo umbali unatengenezwa na vitu vidogo.

Wa kwanza ni umbali wa muda. Ukikipenda kitu usiku, piga picha ya skrini, ujitumie mwenyewe WhatsApp, andika bei na sababu unayoisikia: "nimechoka", "nimeonekana sijui kazi". Rudi baada ya siku tatu, mchana, umeshakula. Ikiwa bado unakitaka, na fungu lipo, nunua bila kujilaumu. Vingi hutavitaka, na picha zile zitakuwa kumbukumbu nzuri ya ratiba yako.

Wa pili ni umbali wa mahali. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 jaribio la magharibi mwa Kenya lililowagawia watu kisanduku cha chuma chenye kufuli cha kuwekea akiba ya matibabu. Funguo walipewa wenyewe. Wangeweza kufungua saa yoyote. Hata hivyo akiba yao ya afya iliongezeka kwa asilimia 66. Kisanduku hakikuwazuia kwa nguvu. Hela ilikuwa imeshapewa kazi, basi ilikuwa rahisi kuwakatalia wengine, na kujikatalia mwenyewe. Sisi tuna kibubu, ambacho fundi hakiwekei mlango kabisa: ukitaka hela, ukivunje. Usiku wa Alhamisi kukivunja kibubu kwa nyundo watoto wakiwa wamelala ni kazi ya aibu, na aibu hiyo kwa mara moja iko upande wako. Kwa asiyependa kibubu, kuna laini ya pili isiyokaa kwenye simu unayolala nayo, au akaunti ambayo kadi yake iko kwa mwenzi.

Wa tatu ni kukipa kidonda dawa yake. Mwalimu wetu anahitaji mahali pa kusemea Alhamisi. Anaweza kumpigia mwalimu mwenzake njiani. Anaweza kumfuata mkuu wa idara Ijumaa na kuomba matokeo yajadiliwe kwa utaratibu mwingine. Na ikiwa usiku moyo bado unataka kuchagua kitu, achague: apange kabati la watoto, aamue chakula cha Jumapili. Havigharimu kitu, na ni uamuzi wake vilevile.

Wa nne, tenga hela ya bata. Bajeti isiyo na raha huvunjwa na mwenye nayo. Weka kiasi, kiwe elfu 20 au laki, kitumike bila maelezo kwa mtu yeyote, hata mume au mke. Kikiisha kimeisha. Anayejua raha yake iko tarehe fulani hahangaiki kuiiba.

Inapozidi

Daktari Emil Kraepelin wa Ujerumani alilieleza tatizo la kununua kusikozuilika mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo si ugonjwa wa kizazi cha simu. Kuna mtu ambaye amejaribu haya yote na bado ananunua, ananunua asichokitaka, anaficha madeni, anaiba kwenye hela ya kikoba. Kuna mwingine ambaye ghafla halali, anaongea upesi, ana mipango mikubwa na anagawa hela kama tajiri kwa wiki kadhaa. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa akili unaotibika. Hawa wasigombezwe wala kuombewa tu. Wapelekwe hospitali yenye kliniki ya afya ya akili. Familia nayo iambiwe ukweli wa madeni mapema, maana mficha maradhi kilio humfichua.

Kazi ya wiki hii

Chukua taarifa yako ya miamala ya miezi mitatu. Kata mahitaji yote. Kila muamala uliobaki uandikie pembeni siku ya wiki, saa, na tukio la siku hiyo kama unalikumbuka. Usijihukumu na usijumlishe kwanza. Tafuta kinachojirudia mara tatu. Huenda ni Alhamisi kama ya mwalimu, huenda ni Jumapili baada ya simu ya nyumbani, huenda ni kila siku unapopita kituo fulani ukiwa na njaa. Ukishakipata, chagua njia moja tu kati ya zile nne, uiweke kwenye saa hiyo, na mengine uyaache kama yalivyo kwa mwezi mzima. Mwisho wa mwezi jumlisha zile saa peke yake, ulinganishe na miezi iliyotangulia. Hiyo tofauti ndiyo tutakayoitafutia kazi katika sura ya tano.